Kaka yuko Texas, analipwa dola 18 kwa saa: mbona pesa haionekani nyumbani?

SWALI: Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa sekondari hapa Kitale. Mwaka 2021 alibahatika kupata Green Card ya bahati nasibu, kile kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani. Tukafanya harambee, baba akauza ekari moja ya shamba, akaenda Texas na mkewe na mtoto wao. Sasa wana mtoto wa pili aliyezaliwa huko. Anafanya kazi ya usiku katika makao ya wazee na anasema analipwa dola 18 kwa saa. Nimepiga hesabu, kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 400,000. Lakini hutuma elfu kumi na tano, na miezi mingine hatumi chochote. Ukimpigia jioni hashiki simu. Facebook tunaona gari na nyumba nzuri. Mama anasema labda ametusahau. Je, anatudanganya? Na mimi nimesomea ufundi wa umeme, mpango ulikuwa anivute huko. Niendelee kungoja?

JIBU:

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi. Dola 18 kwa saa 40 za wiki, mara wiki 52, ukigawa kwa miezi 12 unapata dola 3,120. Ukibadilisha kwa shilingi 129 hizo ni zaidi ya laki nne. Na 18 kwa saa ni malipo ya kawaida kabisa kwa mtu anayehudumia wazee maeneo ya Dallas, kwa hiyo kuhusu mshahara kaka yako amekuambia kweli. Ila wewe mapato yake umeyahesabu kwa bei za Texas, na matumizi yake ukayahesabu kwa bei za Kitale. Yeye naye hajakurekebisha. Nitajaribu kukueleza mimi, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kukaa na familia za Afrika Mashariki zilizohamia Texas, karatasi zao za mshahara na bili zao zikiwa mezani, tukitafuta namna mwezi utakavyoisha. Barua kama yako huniuma, maana naijua na ile ambayo kaka yako hajaiandika.

Tuanze na karatasi yake ya mshahara. Wengi hulipwa kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo juu kabisa pataandikwa dola 1,440. Chini yake kuna mstari wa Social Security, yaani mfuko wa pensheni wa serikali, asilimia 6.2, dola 89.28 zinaondoka. Unaofuata ni Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, dola 20.88. Hizo mbili hakuna mwajiriwa anayezikwepa. Texas haina ushuru wa jimbo kwenye mshahara, hiyo ni nafuu, lakini ushuru wa serikali kuu upo, ingawa kwa mwenye mke na watoto huwa mdogo. Halafu kuna bima ya afya ya familia kupitia mwajiri. Kiasi chake hutofautiana sana kati ya kazi moja na nyingine. Tuseme kwake ni dola 230 kila mshahara. Akitoka hapo anabaki na kama 1,060 au 1,070. Malipo kama hayo ni 26 kwa mwaka, na ukiyagawa kwa miezi yanakuwa takriban dola 2,300.

Sasa toa. Nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vya kulala, mtaa wa kawaida, kodi ya dola 1,400 haishangazi mtu. Zimebaki 900. Gari lina mkopo, tuseme 380, kwa sababu mgeni asiye na historia ya mikopo hukopeshwa kwa riba kali hata awe mwaminifu kiasi gani. Zimebaki 520. Bima ya gari, ambayo ni lazima kisheria, 180. Mafuta 120. Umeme 130, na kiangazi cha Texas joto hupita nyuzi 38, kwa hiyo kiyoyozi hakizimwi. Simu na intaneti 110. Ukifika hapo amekwama dola 20 chini ya sifuri, na familia ya watu wanne bado haijanunua hata mkate.

Takwimu hizi ni za mfano. Za kaka yako zitapishana nazo huku na kule. Lakini nimeona karatasi nyingi sana za aina hii, na hazipishani na picha hiyo kwa kiasi cha kubadilisha jibu.

Utaniuliza, kwani lazima awe na gari? Ndiyo, lazima. Chukua Arlington, mji wa takriban watu 400,000 katikati ya Dallas na Fort Worth: hauna mabasi ya umma yenye njia na vituo kama unavyoyajua wewe. Hakuna matatu, hakuna boda. Makao ya wazee yako kilomita 20 kutoka nyumbani na zamu inaanza saa nne usiku. Ukikosa gari umekosa kazi. Hilo gari unaloliona Facebook ni kifaa cha kazi kilichokopwa, na benki ndiyo inayolishikilia mpaka deni liishe. Nyumba nayo ni ya kupanga, na kuipata kwenyewe ni mtihani, kwa kuwa wenye nyumba wengi hutaka uonyeshe mapato mara tatu ya kodi. Familia iliyofika jana haina cha kuonyesha, kwa hiyo miezi ya mwanzo huishi sebuleni kwa mwenyeji. Wapo wenyeji wa kushukuriwa maisha yote. Wapo pia wanaomtoza mgeni pesa kwa kila safari ya kwenda dukani.

Mwezi wa namna hiyo unaishaje, basi? Kwanza, mke anafanya kazi. Na mke akifanya kazi, mtoto mdogo anakaa na nani? Kituo cha kulea watoto kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hula kwa urahisi dola 1,000 kwa mwezi, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana katika familia nyingi ninazozihudumia mume hushika usiku na mke mchana. Baba anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, mama anaingia saa moja. Wanaonana mlangoni, mmoja akivua viatu mwingine akivaa. Mkubwa anapelekwa kwenye basi la shule, halafu baba analala sebuleni, mlango umefungwa kwa ufunguo, na mtoto wa miaka miwili anacheza pembeni ya kichwa chake. Hapo hupati usingizi wa maana. Unapata vipande.

Hapa nijibu suala la simu, kwa sababu naona limemuumiza mama kuliko pesa. Mnampigia jioni. Saa mbili usiku ya Kitale, Texas ni saa sita mchana, na kuanzia Novemba hadi Machi, wanapobadilisha saa zao, ni saa tano. Ndio wakati huohuo ambao mtu wa zamu ya usiku ameshikwa na kipande cha usingizi. Simu huwa imezimwa sauti. Akiamka saa tisa alasiri kwake, kwenu ni usiku wa manane, naye anaona aibu kuwaamsha. Wiki inapita hivyo. Jaribuni saa kumi na moja jioni ya Jumapili, kama Jumamosi usiku haendi kazini. Kwake itakuwa asubuhi, ametulia. Muulizeni mwenyewe ni siku gani ana mapumziko, maana katika kazi hiyo mapumziko hayafuati wikendi.

Njia ya pili ya kumaliza mwezi ni ovataimu. Sheria ya Marekani inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki, kwa hiyo saa yake ya 41 inalipwa dola 27. Zamu mbili za ziada za saa nane zinampa dola 432 kabla ya makato. Pesa mnayotumiwa, kwa sehemu kubwa, inatoka huko. Miezi ambayo hakuna zamu za ziada, au mtoto ameugua, au gari limeharibika, hakuna cha kutuma. Wengine huchukua kazi ya pili kwa mwajiri mwingine, na huko hulipwa bei ya kawaida tu, kwa sababu kila mwajiri anahesabu saa zake.

Elfu kumi na tano ni kama dola 116. Kwa mtu anayebaki na dola 13 hivi kwa kila saa baada ya makato na bima, hiyo ni zamu nzima ya usiku na zaidi kidogo. Nikueleze zamu yenyewe, maana nami niliifanya nilipofika Texas, na wengi walioko huko hawapendi kuisimulia nyumbani. Unapewa wazee kumi, kumi na watano, siku mbaya hata zaidi. Asiyeweza kujigeuza kitandani unamgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongo. Unabadilisha nepi za watu wazima, unafua uchafu, unamwosha mtu wa kilo 100 ambaye hana nguvu za kukusaidia hata kwa kuinua mkono. Mwenye maradhi ya kusahau hakutambui. Alfajiri anaweza kukupiga kofi au kukutukana kwa rangi yako, na baada ya nusu saa anakuita kwa jina la mwanawe na kukushika mkono asikuache uende. Migongo huharibika. Ni kazi ya heshima, nami sitamruhusu mtu yeyote aidharau mbele yangu. Lakini ni nzito, na hakuna aliyemwandaa kaka yako kwa ajili yake.

Yeye alikuwa mwalimu. Huko Kitale alikuwa akipita sokoni anaitwa Mwalimu na watu ambao hajawahi kuwafundisha. Mzazi alimtafuta kuhusu mtoto, chifu alimwalika kuzungumza, na kwenye vikao vya ukoo neno lake lilisikilizwa. Texas ana kitambulisho kifuani chenye jina lake la kwanza, na anapokea amri kutoka kwa msichana wa miaka 23. Katika maongezi yangu na wanaume wa umri wake, jambo hili hutoka mwisho, baada ya kodi na bili kwisha kujadiliwa, na ndilo linalowatoa machozi. Pesa wanaikabili. Kushuka cheo machoni pao wenyewe ndiko kunakowalaza macho wazi. Kwa hiyo ukimwona anaweka picha ya gari, usidhani anawaringia. Mara nyingi ndiyo picha pekee ya wiki nzima inayofanana na mtu mliyemsindikiza uwanja wa ndege. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tena hivi vyake vimeundwa kwa mkopo.

Kwa nini basi hasemi? Kwa sababu ya harambee, na kwa sababu ya ile ekari. Mtu aliyeondoka kwa jasho la ukoo mzima hawezi kupiga simu aseme, "Huku natunza vikongwe na mwisho wa mwezi nakopa." Anaogopa baba atasema shamba limepotea bure. Anaogopa wewe hutamwamini. Na wewe kweli humwamini, au sivyo usingeniandikia. Anaendelea kunyamaza, mnaendelea kukisia, na kila upande unakusanya kinyongo ambacho ungeweza kukiondoa kwa kuonyeshana karatasi mbili.

Nadhani matumaini tuliyonayo juu ya majuu tuliyarithi kutoka wakati mwingine kabisa. Septemba 1959 ndege ya wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, na kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kusoma kwa mpango huo. Wangari Maathai alikwenda 1960, akasoma Kansas. Waliporudi waliikuta nchi mpya yenye ofisi nyingi na wasomi wachache, wakawa maprofesa, makatibu wa wizara, mawaziri. Kijiji kizima kilishuhudia mtu akiondoka na sanduku la mbao na kurudi na suti na gari la serikali. Sura hiyo ndiyo iliyotukaa kichwani. Bahati nasibu ya Green Card ni kitu kingine. Ilianzishwa na sheria ya mwaka 1990, ikitenga hadi viza 55,000 kwa mwaka, na inachomfanya mtu ni mkaazi anayeanza maisha ya kazi kutoka chini katika nchi ambayo haikumwita kwa elimu yake. Hapewi nyumba wala kazi. Hata mkimbizi anayepelekwa Marekani na serikali hupokelewa na shirika la kumtafutia makazi miezi ya mwanzo. Mshindi wa bahati nasibu hushuka uwanja wa ndege na namba ya simu ya mtu anayemfahamu. Na kwa sheria ya 1996, mtu mzima wa aina yake hukaa miaka mitano kabla ya kustahili misaada mingi ya serikali kuu, kama ule wa chakula.

Nisikupotoshe upande wa pili. Wakenya wa nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na Marekani ndiyo iliyoongoza kwa mbali. Pesa hizo zimejenga nyumba na kusomesha watoto, na nyingi zimetoka mikononi mwa watu wa zamu za usiku kama kaka yako. Kwa kawaida mambo huanza kufunguka kati ya mwaka wa tano na wa nane, deni la gari likiisha, mtoto akianza shule ya bure, na mmoja wa wazazi akipanda ngazi. Kaka yako yuko pale pabaya zaidi, ambapo msisimko wa kufika umekwisha na matunda hayajaonekana.

Sasa la kufanya. Usimuulize "unalipwa kiasi gani?" Mwambie kaka yako kwamba umeelezwa maisha ya kule yalivyo na hutaki aendelee kujificha. Mwombe akutumie picha ya karatasi moja ya mshahara na orodha ya anacholipa kila mwezi, nawe umtumie orodha ya mahitaji ya nyumbani: dawa za mama, karo, mbolea. Kisha mkubaliane kiasi kimoja kidogo ambacho ana hakika nacho, hata kiwe elfu nane, kije tarehe ileile kila mwezi. Kwa wazee, elfu nane ya uhakika ni bora kuliko elfu kumi na tano ya kubahatisha, kwa sababu duka la dawa halingoji zamu za ziada. Na mkishakubaliana, simu za dharura zipungue. Ninawaona watu wanaoogopa kushika simu ya nyumbani kwa sababu katika simu kumi, tisa ni za kuombwa. Wewe ndiye wa kuzuia binamu na majirani wasimwendee moja kwa moja. Hiyo ni kazi ya mdogo aliyebaki nyumbani.

Jambo jingine ambalo watu wa nyumbani hawalijui: pesa kubwa ya mwaka huja wakati wa marejesho ya ushuru. Akiwasilisha hesabu zake mapema, mwenye watoto huweza kurudishiwa maelfu ya dola, na kwa familia za kipato chake pesa hizo kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Februari au Machi. Karo nayo inadaiwa Januari, baada tu ya Krismasi. Mwezi huo ndio ugomvi mwingi huzuka. Zungumzeni na shule mapema ilipwe kwa awamu, na mambo makubwa, paa, ng'ombe, ada ya chuo, yapangiwe Machi. Mwambie pia atume kupitia akaunti ya benki au kadi yake ya benki, asibebe noti kwenda kwa wakala, maana kuanzia Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa pesa taslimu zinazotumwa nje.

Na ekari ya baba? Kaeni kikao mseme wazi: ilikuwa zawadi au ilikuwa deni? Nimeona familia zikivunjika kwa sababu swali hilo halikuulizwa. Kama ni deni, liandikwe, lipewe muda wa miaka kumi, lilipwe polepole. Kama ni zawadi, basi isitajwe tena kwenye simu.

Kuhusu yeye mwenyewe, ana milango miwili na ningependa umtie moyo aubishe mmojawapo. Wa kwanza ni kurudi darasani. Texas inapokea shahada za ualimu za nje baada ya kutathminiwa na taasisi zinazokubalika, na ina programu za kumpatia mtu leseni huku akifundisha, pamoja na mitihani ya somo lake. Akiwa na shahada ya ualimu ya Kenya, hasa ya hisabati au sayansi, asiitupe. Wa pili ni uuguzi. Alipo sasa aliingia kwa mafunzo mafupi. Serikali kuu inataka yasipungue saa 75. Juu yake kuna uuguzi wa daraja la kati, wa mwaka mmoja hivi, na juu yake uuguzi kamili wa miaka miwili katika chuo cha jamii. Muuguzi kamili hulipwa mara mbili ya anacholipwa yeye. Lakini kumbuka, akienda chuo zamu zitapungua, na pesa yenu itapungua kwa miaka miwili. Familia nyingi humzuia mtu wao kupanda bila kujua, kwa kumdai kila mwezi. Mkimwambia, "Soma, sisi tutajibana," mtakuwa mmempa kitu ambacho hawezi kukinunua huko.

Na kama wamewahi kulazwa au mke alijifungua wakaachiwa bili kubwa, mwambie asiilipe kwa kadi ya mkopo kabla ya kuuliza. Hospitali zisizo za kibiashara Marekani zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwafutia bili wenye kipato kidogo. Fomu ipo. Watu wetu hawaiombi kwa aibu.

Swali lako kama anawadanganya limebaki na upande mmoja ambao sipaswi kuuficha. Wapo wanaodanganya kweli: kamari za simu zimewameza, wana nyumba nyingine, au wanakunywa. Ukimwomba karatasi akakasirika badala ya kupumua, mkewe akiwa anawapigia ninyi kuomba chakula, au akikopa kwa Wakenya wenzake na kuwakimbia, hapo una jambo tofauti, na mtu wa kuzungumza naye ni mchungaji wao au mzee wa jamii yao kule. Lakini kwa ulivyonieleza, kutuma kidogo kidogo na kukosa simu za jioni, sioni dalili hizo.

Sasa wewe. Usingoje kuvutwa. Mwenye Green Card hawezi kumwombea ndugu yake viza ya kuhamia. Ni raia tu anayeweza, na kaka yako hatastahili kuomba uraia mpaka atimize miaka mitano ya ukaazi. Hata akishakuwa raia na kukuandikia siku hiyohiyo, foleni ya ndugu wa raia ni ndefu kupita zote: wanaohudumiwa sasa waliombewa zaidi ya miaka 15 iliyopita. Mama na baba ni tofauti, kwa maana wazazi wa raia hawana foleni ya idadi. Wewe utakuwa na mvi. Bahati nasibu nayo, Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuisimamisha, kwa hiyo anayekwambia leo umpe pesa akujazie fomu au akuhakikishie ushindi anakuibia. Usimpe hata shilingi mia, wala nakala ya pasipoti.

Una ufundi wa umeme, na huo una thamani Kitale kabla ya kuwa na thamani Texas. Fanya mitihani ya daraja ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, mpaka ya juu, chukua leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na weka kumbukumbu za kila kazi: tarehe, mahali, nani alikusimamia, saa ngapi. Nakueleza hivi kwa sababu hata huko Texas fundi umeme hupimwa kwa saa. Huanza kama mwanagenzi chini ya fundi mkuu, na kabla ya kupewa leseni ya fundi kamili hutakiwa kuonyesha saa 8,000 za kazi iliyosimamiwa na kufaulu mtihani. Ukienda siku moja, kwa njia yoyote halali, anayefika na vyeti vyake vimepangwa hukaa muda mfupi zaidi kwenye kazi ya kubahatisha kuliko anayefika na maneno. Na usipokwenda, leseni hiyohiyo itakupa kandarasi za nyumba zinazojengwa sasa hivi kuanzia hapo mjini hadi Kiminini, nyingine zikijengwa na pesa za watu wa zamu za usiku.